Askari Akisema, Hakimu Lazima Aamini?

*Maswali ya wasomaji kuhusu sheria yanajibiwa na wakili wa kujitegemea wa Moshi, aliyewahi kuwa mwendesha mashtaka.*

SWALI: Wakili, shikamoo. Nauza mbogamboga Soko la Kilombero hapa Arusha. Kijana wangu wa pili ni bodaboda, kijiwe chake kiko Kwa Mrombo. Alikamatwa usiku na askari wawili wakasema wamemkuta na kiroba cha bangi kwenye pikipiki. Yeye anasema kiroba ni cha abiria, na yule abiria alipoona askari aliruka akakimbia. Kesi inaanza kusikilizwa mwezi ujao na mashahidi wote ni polisi. Majirani wananiambia nisihangaike, askari akishaapa hakimu anamwamini, heri kijana akubali kosa apunguziwe adhabu. Wengine wananipa moyo kwamba ushahidi wa polisi peke yao haufungi mtu. Nishike lipi? Wakili hatuna. *Mama wa Kilombero*

JIBU: Marahaba mama yangu, na pole kwa mahangaiko. Katika hayo mawili usishike lolote, maana yote si kweli, na la kukubali kosa ndilo la hatari zaidi. Kijana akishatamka mbele ya hakimu kwamba ni kweli ametenda, akatiwa hatiani kwa maneno yake mwenyewe, mlango wa rufaa unabaki mwembamba sana: kwa kawaida atabakiwa na kulalamikia adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Kama kiroba si chake, asikubali. Wanaomshauri akubali hawatakwenda gereza la Kisongo kukaa badala yake.

Sasa kuhusu hao askari. Sheria yetu ya Ushahidi, Sura ya 6, ilitungwa mwaka 1967, na haina mahali popote panaposema neno la askari lina uzito kuliko la mwendesha bodaboda au muuza mboga. Kila anayeweza kuelewa swali na kulijibu kwa akili anaruhusiwa kuwa shahidi. Sheria hiyo hiyo inasema hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo. Ndiyo maana nasema wanaokupa moyo nao wamekosea: askari wawili, hata mmoja, wakiaminiwa, mtu anafungwa. Nimeona ikitokea, na mara nyingine ilikuwa haki kabisa itokee.

Neno zito hapo ni hilo la kuaminiwa. Mahakama ya Rufani, katika uamuzi uliochapishwa kwenye ripoti za sheria za mwaka 2006, ilisema kila shahidi anastahili kuaminiwa na ushahidi wake kupokelewa, isipokuwa ziwepo sababu nzuri na za msingi za kutomwamini. Kila shahidi, mama. Askari yumo, na mwanao naye yumo siku atakayopanda kizimbani kujitetea. Mahakama hiyo hiyo imeeleza pia jinsi ya kupima ukweli wa shahidi. Njia ya kwanza ni mwenendo wake akiwa kizimbani, anavyojibu, anavyosita, na hapo ni hakimu aliyesikiliza kesi tu ndiye aliyemwona. Njia ya pili ni kuangalia kama maneno yake yenyewe yanashikana tangu mwanzo hadi mwisho. Ya tatu ni kuyalinganisha na ya mashahidi wengine, akiwemo mshtakiwa. Hizi mbili za mwisho hata majaji wa rufaa wanazitumia, wakiwa na karatasi tu mbele yao. Kwa hiyo kila neno litakaloandikwa kwenye mwenendo wa kesi ya mwanao lina maisha marefu kuliko siku hiyo moja.

Najua kwa nini majirani wanaongea hivyo. Watu wa Arusha na Mirerani hawajasahau Januari 2006, wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge na dereva teksi wao walipouawa Dar es Salaam. Polisi walitangaza kwamba ni majambazi waliokufa katika majibizano ya risasi. Tume iliyoundwa na Rais Kikwete ikagundua kwamba hawakuwa majambazi. Ikaja kesi, Mahakama Kuu mwaka 2009 ikawaachia maofisa na askari walioshtakiwa, hadi mwaka 2016 Mahakama ya Rufani ilipomtia hatiani mmoja wa maofisa hao. Jambo kama hilo likishatokea, mwananchi akimwona askari kizimbani anaingiwa na hofu, na simlaumu. Lakini hofu ikimfanya mshtakiwa anyamaze, imemsaidia nani?

Maana hapo ndipo kesi nyingi za watu wasio na mawakili zinapoharibika. Nilipokuwa upande wa mashtaka nilikuwa naona hivi: askari anamaliza kutoa ushahidi, hakimu anamgeukia mshtakiwa na kumwambia, "Una maswali kwa shahidi?" Kijana anatazama chini, anasema, "Sina swali, mheshimiwa." Hakimu anaandika kwamba mshtakiwa hana swali, shahidi anashuka. Wiki kadhaa baadaye kijana huyo huyo anajitetea kwa hadithi nzuri, yenye abiria na kila kitu, na mwendesha mashtaka anasimama kuuliza kitu kimoja tu: mbona askari alipokuwa hapa hukumuuliza habari za abiria? Mahakama zetu zimesema mara nyingi kwamba usipomhoji shahidi juu ya jambo kubwa, unahesabiwa umelikubali. Na utetezi unaoibuka mwishoni unaonekana umetungwa baadaye.

Kwa hiyo mwanao lazima aulize. Aandike maswali yake nyumbani, au huko mahabusu kama hana dhamana, ayapange kwa mfuatano wa usiku ule. Yawe mafupi, kila swali jambo moja. Kulikuwa na abiria kwenye pikipiki au hakuwepo? Alivaa nini? Alikimbilia wapi? Nani alimfuata? Kiroba kilikuwa mbele yangu, katikati yetu au kwenye keria? Uliniona nikikishika? Kijiweni kulikuwa na bodaboda wengine wangapi? Kwa nini hakuna hata mmoja aliyesaini hati ya ukamataji mali? Asibishane na askari, asimwite mwongo, na asianze kutoa hotuba, kwa kuwa hakimu atamkatiza. Lakini kabla hajakaa amwekee wazi habari yake: "Afande, nakwambia kiroba kile kilikuwa cha abiria aliyeruka na kukimbia, kweli si kweli?" Askari atasema si kweli. Haidhuru. Limeshaandikwa.

Na hilo la abiria lina uzito wa kisheria, silisemi kama kisingizio. Kumkuta mtu na kitu, kisheria, kunataka ithibitishwe kwamba alijua kipo na kwamba alikuwa na mamlaka nacho kwa namna fulani. Bodaboda anapakia mizigo ya watu kutwa nzima. Swali la kama alijua kilichomo ndani ya kiroba ni swali halali, na mzigo wa kulithibitisha uko kwa upande wa mashtaka, si kwake.

Sasa nije kwenye karatasi, kwa sababu hapa ndipo neno la askari linapopata nguvu au linapoisha nguvu. Askari akikamata mali, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamtaka atoe stakabadhi, isainiwe na mwenye eneo au mwenye mali, pamoja na mashahidi wa upekuzi kama wapo. Watu wengi wanaijua kama hati ya ukamataji mali. Itakapotaka kutolewa kama kielelezo, mwanao aombe kuiona kabla haijapokelewa, na asiitazame juu juu. Niliwahi kutetea kesi ya namna hii. Hati ilisema imejazwa barabarani saa tatu na nusu usiku, mbele ya mtuhumiwa. Ilikuwa imeandikwa kwa mwandiko mzuri, mistari imenyooka, kalamu ya wino wa bluu, hakuna hata herufi iliyopinda. Mbele ya hakimu nikamuuliza askari aliandikia juu ya nini. Akasema juu ya tangi la pikipiki, huku mwenzake akimmulika kwa tochi ya simu. Alipokuja huyo mwenzake nikamuuliza hilo hilo. Akasema waliijaza kituoni, mezani. Halafu mmoja aliita mzigo kiroba, mwingine akasema mfuko mweusi wa nailoni. Hakimu hakuwaita waongo. Aliandika tu kwamba hawezi kujua hati ilijazwa wapi na kitu gani hasa kilichukuliwa, na mteja wangu akaenda nyumbani.

Kitu kingine ni safari ya hicho kiroba baada ya kukamatwa. Nani alikipokea kituoni, kilipewa namba gani, kilikaa wapi, nani alikipeleka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali kupimwa, kilirudi lini na kikiwa na lakiri au hakina? Mahakama ya Rufani imesisitiza kwamba safari hiyo ionekane, kwa maandishi yanayofuatana tangu kinakamatwa hadi kinaletwa mahakamani. Kwa vitu visivyobadilishwa kirahisi, kama meno ya tembo, mahakama zimelegeza kidogo, lakini bangi ni majani, yanafanana. Kila mkono uliokigusa kiroba una swali lake. Uzito nao uangaliwe: uliotajwa kwenye hati, kwenye ripoti ya Mkemia na kwenye hati ya mashtaka ni ule ule?

Kama mwanao aliandikwa maelezo ya onyo polisi, yaani yale ya mtuhumiwa aliyeonywa kwanza kwamba yanaweza kutumika dhidi yake, nako kuna kuta mbili za kumlinda. Kwanza, maelezo lazima yawe ya hiari, na wenye jukumu la kuthibitisha hiari hiyo ni upande wa mashtaka. Pili, muda wa kawaida wa kumhoji ni saa nne tangu alipowekwa chini ya ulinzi, na ukiongezwa kuna utaratibu wa kuuongeza. Kama alipigwa, au alisainishwa asichokisoma, apinge pale pale kabla hakimu hajayapokea. Akisubiri hadi siku ya utetezi atakuwa amechelewa.

Nawe mama una kazi ya kufanya, usikae sokoni unasubiri tarehe. Nenda kijiweni Kwa Mrombo jioni, waulize wenzake nani alikuwepo usiku ule na nani alimwona abiria akipanda. Wawili wakikubali kuja, majina yao yaandikwe. Upande wa mashtaka usipowaita watu waliokuwepo na walioona, bila sababu, hakimu anaruhusiwa kufikiri kwamba huenda wangesema yasiyowapendeza. Lakini usitegemee hilo wakati mashahidi unao umbali wa nauli ya daladala. Kuhusu wakili, ipo Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017. Kwenye halmashauri ya jiji uliza afisa maendeleo ya jamii, watakuelekeza kwa watoa msaada waliosajiliwa. Na kijana mwenyewe anaweza kumwambia hakimu kwamba hana uwezo wa wakili na anaomba msaada. Aombe mapema, siku ya kwanza ya kusikilizwa, kabla shahidi hajaapa.

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni konstebo, bado mgeni kazini, nipo Arusha. Juzi nilitoa ushahidi kwa mara ya kwanza. Wakili aliniuliza rangi ya shati la mtuhumiwa, nikasema bluu. Akanitolea maelezo yangu niliyoandika mwaka jana, humo nimeandika kijani. Akaniambia mbele ya watu kwamba mimi ni mwongo niliyefundishwa. Nilitetemeka hadi maswali mengine nikayajibu hovyo. Kesi imeharibika kwa ajili ya shati? Na nifanyeje safari nyingine? *Askari wa Arusha*

JIBU: Marahaba mwanangu. Umenifurahisha kuuliza, maana wenzako wengi wanaficha.

Shati peke yake haliharibu kesi. Mahakama ya Rufani imesema wazi kwamba si kila tofauti ya maneno inaangusha ushahidi. Tofauti inayoangusha ni ile inayogusa kiini cha kesi. Kama mtu unayemfahamu ulimkamata mchana kweupe, bluu na kijani havina neno. Kama kesi nzima inasimama juu ya kumtambua mtu aliyekimbia gizani, na ulimtambua kwa shati, basi shati ndiyo kesi yenyewe.

Sasa nikwambie ninalolijua kwa kukaa pande zote mbili. Askari haaminiwi kwa sababu ya sare wala haangushwi kwa sababu ya sare. Anaaminiwa pale anaposema alichokiona yeye mwenyewe na kuishia hapo. Jibu la "sikumbuki" ni jibu kamili. Ulipoulizwa rangi ungejibu hivyo, ungeulizwa swali jingine. Askari anayekumbuka kila kitu baada ya mwaka mzima, rangi ya soksi hadi dakika, mimi wakili namfurahia, kwa sababu najua pa kumshika.

Sheria inakuruhusu kuburudisha kumbukumbu. Ulichokiandika mwenyewe wakati wa tukio au muda mfupi baadaye, jambo likiwa bado bichi kichwani, unaweza kuomba ruhusa ya mahakama ukitazame ukiwa kizimbani. Kwa hiyo tembea na daftari. Uandike usiku ule ule: saa, mahali, nani alikuwepo, nani alishika nini, taa ilitoka wapi. Usisubiri mpelelezi akuite baada ya siku tatu.

Na jambo moja nakuomba kama mwanangu: maelezo yako andika wewe. Nikiwa mwendesha mashtaka niliwahi kuletewa jalada lenye maelezo ya askari watatu, na wote watatu walikuwa wameandika kwamba tukio lilikuwa Sombetini. Lilikuwa Ngarenaro, hati ya ukamataji ilisema Ngarenaro, mlalamikaji alisema Ngarenaro. Mmoja alikosea, wawili wakanakili hadi kosa lake. Huenda wote watatu walikuwepo na waliona kweli, lakini baada ya hapo nani angewaamini? Jalada lile nililirudisha, na mlalamikaji, aliyekuwa ameibiwa kweli, ndiye aliyeumia.

Kama uliifuatilia kesi ya ugaidi ya Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa Chadema, na wenzake Mahakama Kuu mwaka 2021, utakumbuka mashahidi wa polisi walivyobanwa. Wawili kati ya washtakiwa walikamatwa Rau Madukani, hapa hapa Moshi, Agosti 2020, wakasafirishwa hadi Dar es Salaam. Ikaendeshwa kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, kupima kama maelezo ya mmoja wao yalichukuliwa kihalali, na mvutano ukawa mkali kuhusu saa, vituo na kitabu cha kuandikisha mahabusu. Oktoba mwaka huo jaji alizikataa pingamizi, maelezo yakapokelewa. Machi 2022 Mkurugenzi wa Mashtaka akaiondoa kesi. Kila mtu ana lake la kusema juu ya kesi ile. Wewe chukua hili la kazi: kitabu cha kituo ambacho unakijaza usiku ukiwa na usingizi ndicho utakachoulizwa mbele ya jaji.

Kutetemeka kutaisha. Ukiulizwa, vuta pumzi, jibu swali uliloulizwa, mtazame hakimu na usimtazame mwendesha mashtaka kana kwamba unaomba jibu. Hilo la mwisho mahakimu wanaliona haraka kuliko unavyodhani.

SWALI: Naitwa baba wa watoto watatu, Pasua, Moshi. Ndugu yangu aliachiwa huru baada ya askari mmoja kubanwa na kuonekana alidanganya. Je, askari huyo anaweza kushtakiwa kwa kusema uongo mahakamani?

JIBU: Anaweza, kama mtu mwingine yeyote. Kutoa ushahidi wa uongo ni kosa chini ya Kanuni ya Adhabu, na kifungo chake kinafika miaka 7. Ila usichanganye mambo mawili. Hakimu akisema hamwamini shahidi, au ushahidi wake una mashaka, hiyo haimaanishi amethibitisha kwamba alidanganya. Ili ashtakiwe lazima ionekane alijua anachosema si kweli, na kwamba jambo lenyewe lilikuwa la maana katika kesi, si rangi ya shati kama la yule kijana wa Arusha hapo juu. Hapo napo uthibitisho ni ule ule wa kutoacha shaka, na yeye atakuwa na haki zote alizokuwa nazo ndugu yako.

Kama bado mnataka kuendelea, anzeni kwa kuomba nakala ya hukumu na ya mwenendo wa kesi kwenye mahakama iliyosikiliza. Hukumu peke yake haitoshi. Kinachotakiwa ni ukurasa wenye maneno aliyoyasema baada ya kuapa, na karatasi inayoyapinga. Mkiwa navyo pelekeni malalamiko kwa maandishi kwa mkuu wa polisi wa wilaya, na nakala kwa ofisi ya Taifa ya Mashtaka ya mkoa, maana hao ndio wataamua kama kuna kesi.